Mchanga wa Siku ya Shwari

Nyakasenyi, ufukweni mwa ziwa,
Biharamulo
19 Novemba 1978

Dada yangu Deodata,

Shikamoo. Karatasi hii ikikufikia, msomee Mama Koleta kwa sauti, maana najua atauliza mara tatu kama nimekonda. Sijakonda. Asubuhi tunakula dagaa, jioni dagaa, na mchana tunashiba harufu yake. Mwambie shemeji Habimana kwamba huku hakuna rubisi yake ya ndizi. Kuna gongo ya mihogo ambayo ingemwangusha fahali. Mwanao Bonifasia nimemnunulia madaftari mawili, nitampa Bernardo, yule dereva wa lori, ayafikishe.

Vita vimetufikia. Watu kutoka ng'ambo ya mto Kagera wanapita hapa na magodoro vichwani, wengine na majeraha yaliyokwisha kuoza. Juzi alifika mama mmoja amebeba mtoto mgongoni, anamwimbia. Tulipomshusha mtoto tukakuta ana tundu la risasi chini ya bega na mwili umekuwa baridi zamani. Mama yule aliendelea kuimba tu. Tulimzika mtoto kando ya njia, na mama akaendelea na safari.

Ndiyo maana tumepewa kazi ya haraka: kujenga gati la kupakilia askari na risasi kwenda Bukoba. Mimi ndiye mpimaji wa udongo. Msimamizi wetu ni Bwana Leonidasi, mtu mwenye fimbo ya mpingo na asiyependa kuulizwa swali. Amechagua mahali ambapo ukisimama kwenye maji ya kiuno unahisi mchanga mgumu kama sakafu ya kanisa. Alipiga mtaimbo chini mbele ya wageni, mtaimbo ukalia, wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Siku ile ziwa lilikuwa shwari.

Unakumbuka miaka ile nilipofanya kazi baharini? Tulijenga gati kwenye mchanga wa namna hii hii, laini kama unga wa muhogo. Siku ya shwari ulikuwa mgumu, hata nguzo ilikataa kuingia. Ikaja dhoruba ya siku mbili. Sasa sikiliza, mawimbi hayakuvunja nguzo hata moja. Nguzo zilizama zenyewe zikiwa wima, na watu wawili waliokuwa juu wakazama nazo. Fundi mmoja mzee ndiye aliyenieleza. Pale maji yasipokuwa na kina kirefu, wimbi likipita juu linaukandamiza mchanga wa chini, likishapita linauachia. Linakandamiza, linaachia, kutwa kucha. Yale maji yaliyo katikati ya chembe za mchanga hayapati nafasi ya kutoka, yanazidi kusukuma, mpaka chembe zinaachana. Zikiachana, huo si mchanga tena, ni uji, na uji haubebi nguzo.

Wewe utaelewa kuliko hawa. Fikiria shemeji anavyokanyaga ndizi za pombe mtumbwini. Anapanda juu ya ndizi mbivu na nyasi, na hatua za kwanza zinambeba kama kitanda. Anakanyaga, anainua, anakanyaga, anainua. Baada ya muda, ghafla miguu inazama na maji ya ndizi yanampanda vifundoni. Hakuna aliyemwaga maji mle. Ni kukanyaga tu kulikofanya. Basi wimbi ndiyo miguu ya shemeji, na mchanga wa ziwa ndizo ndizi.

Dawa ipo. Nguzo zichimbiwe mpaka kwenye mwamba, futi kumi na mbili zaidi, na mawe makubwa yarundikwe miguuni pake. Itachukua miezi miwili. Natafuta siku nzuri ya kumwambia Bwana Leonidasi.

Mdogo wako,
Kazimili


Ntobeye, Ngara
10 Desemba 1978

Kazimili mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa kwa Bernardo wiki mbili kwa sababu lori lilichukuliwa kubebea askari. Nimemsomea Mama yote. Akasema, "Amekonda." Madaftari yamefika, moja limelowa mafuta ya taa.

Maharage tumevuna kidogo. Hapa kijijini nyumba bado zimepangwa mstari kama meno, na shamba letu la migomba bado liko Kirushya, mwendo wa asubuhi nzima. Naenda mara mbili kwa wiki, narudi na mkungu kichwani. Migomba haikuambiwa kuhusu Ujamaa, yenyewe inazaa pale pale.

Nimecheka uliposema unatafuta siku nzuri. Wewe tangu utoto unatafuta siku nzuri ya kusema, na siku hiyo haijawahi kuzaliwa. Mwaka sabini na nne ulikuja Kirushya na kamba yako ya kupimia. Nikakuuliza, mdogo wangu, hii kamba ya nini? Ukasema, "Tunapima tu, dada." Ukala ugali wangu, ukanawa, ukaenda. Wiki ya pili watu wa lori waliotuhamishia hapa kijijini walikuja na viberiti. Nyasi za paa ziliwaka mara moja. Habimana alipigwa na kitako cha bunduki mpaka akatapika. Mama alishika mwimo wa mlango, hakutaka kutoka, wakampiga vidole kwa rungu kimoja kimoja mpaka akauachia. Mpaka leo vidole vile haviwezi kumenya ndizi. Ulijua, Kazimili. Sijawahi kukuuliza na leo sikuulizi, nasema tu kwamba ulijua.

Kwa hiyo usiniletee habari za siku nzuri. Nenda kesho kwa huyo mwenye fimbo, mwambie kama ulivyoniambia mimi. Kama hajui udongo, mwambie habari ya ndizi. Hata mlevi ataelewa.

Nina sababu. Jina la Habimana limesomwa kwenye orodha ya mgambo. Wametoka Ntobeye tisa. Wanafanya mazoezi uwanja wa shule kwa bunduki za miti, na juzi mkufunzi alimwita Habimana mkimbizi kwa sababu jina lake ni kama la watu wa ng'ambo ya mpaka, naye akampiga ngumi moja mkufunzi akalala. Amechapwa viboko kumi na viwili, anakaa upande. Anasema atakwenda kumtoa nduli kwa mikono yake. Mimi sitaki amtoe mtu yeyote, nataka arudi. Nina mimba ya miezi mitatu na sijamwambia mtu mwingine ila wewe na Mama. Unakumbuka baba alipokufa, Mama alivyokaa na kitambaa cheusi mpaka mjomba alipokuja kukanyaga pombe ya kuondoa matanga? Miezi saba tulimngoja, kwa kuwa desturi inataka kaka wa mjane. Mimi sitaki kuvaa kitambaa kile.

Wanasema watapitishwa huko kwenye gati lenu. Basi lifanye gati liwe gati.

Dada yako,
Deodata


Nyakasenyi
6 Januari 1979

Dada Deodata,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Mama, kwa shemeji na watoto. Hali hapa ni nzuri. Hati hii ni mbaya kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Jiwe lilinibana wa kulia, litapona.

Kuhusu lile jambo nililokuandikia, nilikuwa nimekosea. Nilichanganya ya bahari na ya ziwa. Nimepima tena mwenyewe mbele ya Bwana Leonidasi, mtaimbo umegoma kuingia. Mchanga ni mgumu na gati ni imara. Nimetia sahihi. Tafadhali usimsimulie mtu yale ya kwanza, maana wakati huu wa vita maneno ya namna hiyo yanamsaidia adui.

Nguzo ya mwisho imesimamishwa juzi. Tunashukuru.

Kazimili


Ntobeye, Ngara
28 Januari 1979

Kazimili,

Marahaba. Sisi tuko wazima, mtoto tumboni anapiga mateke kama baba yake. Mama ameipapasa barua yako akasema karatasi hii imeandikwa na mtu anayeogopa. Nimemwambia imeandikwa kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Ndiyo hivyo hivyo." Unajua Mama.

Lakini mimi nimeishika barua yako kama rozari. Nikueleze nilichofanya.

Wiki iliyopita walisema mgambo wetu wako kambini Biharamulo wanangoja kugawanywa. Nilivundika ndizi, nikakanyaga mwenyewe na tumbo hili, nikatengeneza rubisi, nikapanda lori la Bernardo na kibuyu. Pale kambini nikamkuta ofisa mmoja mtaratibu. Akaniambia wengi wanakwenda mbele, lakini wanahitaji watu wenye nguvu wabaki Nyakasenyi kupakia masanduku. Nikaanguka miguuni pake, Kazimili. Mimi, ambaye watu wa lori hawakuniona nikipiga magoti, nilishika viatu vya mtu mbele ya wanaume mia. Nikamwambia mume wangu ana mabega, mwache apakie. Ofisa akaniuliza, huogopi ziwa? Nikamjibu mdogo wangu ndiye aliyepima chini ya lile gati, ameniandikia ni imara. Nikamwonyesha barua. Akaisoma, akachukua kalamu, akalihamisha jina.

Habimana aliposikia alitaka kuniua. Wenzake wanane walikuwa wanacheka, wanamwita mchumba wa masanduku. Alikipiga teke kibuyu, rubisi yote ikamwagika mchangani. Alipanda lori bila kuniaga, amenigeuzia mgongo mpaka lori likakata kona. Sijali. Mwanamume aliyekasirika anarudi nyumbani, maiti hairudi.

Sasa yuko mikononi mwako. Mpe chumvi, anapenda chumvi nyingi. Mwambie nina mimba, mimi sikuipata nafasi.

Jiwe gani hilo linalobana mkono wa mtu anayepima udongo? Nijibu.

Deodata


Nyakasenyi
2 Aprili 1979

Dada,

Hii nampa Bernardo mkononi, haipiti ofisini. Msomee Mama au usimsomee, utaamua mwenyewe.

Habimana amekufa. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ningeanza na salamu nisingefika.

Nikueleze kwa mpangilio. Tarehe kumi na tisa Desemba nilikwenda kwa Bwana Leonidasi kama ulivyoniagiza. Nilimwambia yote, na ya ndizi pia. Aliniuliza mbele ya watu nimelipwa na nani. Wakanifunga kwenye nguzo ya bendera. Akaniwekea mkono juu ya sanduku, akapiga kwa ile fimbo ya mpingo, kidole kwa kidole, na kila kidole ananiuliza, mchanga ni mgumu au laini? Kwenye kidole cha tatu nilisema mgumu. Alipiga cha nne na cha tano vilevile. Nililia kama mtoto, nikamkumbuka Mama kwenye mwimo wa mlango. Mama aliachia mwishoni kabisa. Mimi niliachia kwenye cha tatu.

Baada ya wiki mbili akanipeleka kupima tena. Alichagua siku ya shwari, ziwa limelala kama maziwa kwenye kibuyu. Mtaimbo ukagoma kweli. Barua ile ya Januari niliiandika amesimama nyuma yangu. Kila neno la kipimo lilikuwa la kweli, dada. Nilichoacha kukuandikia ni kwamba ilikuwa siku ya shwari. Ningeweza kulitia neno hilo moja, asingelijua maana yake. Niliogopa hata neno hilo.

Barua yako ilinifikia Februari, siku ile ile Habimana alipoletwa hapa. Nilimtazama akishuka kwenye lori, nikajificha chooni. Siku mbili nilimkwepa. Siku ya tatu nilimwambia ukweli, tukiwa ndani ya ghala. Alinipiga. Alinipiga mdomo, akanipiga mbavu, akaniinua akanipiga tena, meno mawili yalitoka. Halafu akaketi juu ya sanduku la risasi, akaniuliza, "Dada yako anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi aliniokoa kwa akili yake, na wewe ukamdanganya." Nikamwambia kwamba wewe una mimba. Akaniuliza atatorokaje, maana watoro wanapigwa risasi, na wiki ile walikuwa wamempiga mmoja pale pale mbele yetu. Alinipa mkono. Kuanzia hapo kila asubuhi tuliangalia mbingu pamoja kabla hajapanda gatini.

Tarehe kumi na saba Machi upepo ulianza alfajiri. Mpaka saa nne mawimbi yalikuwa ya kifua. Meli ilikuwa imefunga gati, na juu ya gati walikuwapo askari arobaini na masanduku mia mbili. Nilimkimbilia Bwana Leonidasi, nikamwambia, watoe watu. Akatoa bastola. Nilikimbilia gatini mimi mwenyewe nikipiga kelele, na Habimana alikuwa mwisho kabisa, kwenye maji ya kina cha watu wawili, na sanduku begani. Alinisikia. Aliwageukia askari akaanza kuwasukuma kuelekea nchi kavu, aliwasukuma kama ng'ombe, wengine kwa ngumi. Aliwatoa ishirini na wawili. Nguzo zikaanza kushuka. Hazikuinama wala hazikulia. Zilishuka tu, zikiwa wima, na mbao zikashuka nazo, na yeye amesimama juu yake. Maji yalimfika magotini, kifuani, akanitazama. Kisha masanduku yalimwangukia. Walikufa kumi na tisa, yeye akiwamo. Bwana Leonidasi aliyekuja kuwazuia askari wasikimbie naye alizama, bastola mkononi.

Tulizamia siku tatu. Mawimbi yalipotulia, yale maji yalitoka mchangani na mchanga ukashikamana tena, mgumu kuliko kwanza, kama makapi ya ndizi yanavyoshikana ukishaacha kukanyaga. Nilipiga mtaimbo juu ya mahali alipo. Ulilia. Siwezi kumtoa.

Sina cha kuomba kwako.

Kazimili


Nyakasenyi
24 Juni 1979

Dada Deodata,

Shikamoo. Bernardo anasema alikupa barua mkononi na hukusema neno. Anasema umejifungua mtoto wa kiume. Vita vimekwisha, watu wanacheza ngoma barabarani. Wachunguzi wa serikali waliniita kunihoji, nikawaeleza yote, na nyaraka za vipimo nikawapa. Hawakunifunga. Afadhali wangenifunga.

Niandikie hata tusi.

Kazimili


Ntobeye, Ngara
16 Septemba 1979

Kazimili,

Umeomba tusi. Nilikuwa nayo mengi, nimeyatafuna miezi mitano. Nilikuwa nayatoa shambani Kirushya, natukana migomba kwa jina lako, mpaka Bonifasia akaogopa kunisindikiza.

Jana mgambo wamerudi. Walikwenda mbele wanane kutoka Ntobeye, wamerudi wanane. Mmoja amekatika mguu, mmoja haongei, lakini wake zao wamepika. Walipita mbele ya mlango wangu wakiwa kimya, wale waliomcheka. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye orodha yao. Nilishika viatu vya mtu ili mume wangu afe. Unafahamu ulichonipa kubeba, wewe mwenye kushika kamba za kupimia? Ungeniacha na ujinga wangu, Habimana angekwenda mbele na huenda leo angekuwa analewa hapa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama alinionya kwa kupapasa karatasi tu, na mimi mwenye macho nikasoma nilichotaka.

Mtoto nimempa jina la baba yake. Ana mabega.

Tumemzika Habimana kwa mgomba. Hatuna mwili, tulikata mgomba wa urefu wake, tukauvika shati lake, tukauzika Kirushya penye shina la kwanza alilolipanda. Nilipiga udongo wa kaburi kwa miguu yangu mpaka ukawa mgumu. Sasa nimevaa kitambaa cheusi. Unajua nani anaweza kukiondoa. Wanaume wa ukoo wetu wamebaki mmoja, na ni wewe. Usipokuja kukanyaga pombe ya kuondoa matanga nitavaa hiki mpaka kaburini, sitaruhusiwa kupanda mbegu wala kunyoa, na mtoto hatatolewa nje jina lake litajwe mbele ya watu.

Sasa nisome vizuri. Barua yako ya Aprili ndugu zake Habimana wameisikia, mimi mwenyewe niliwasomea, maana nilikataa kuficha. Wako watatu. Yule mkubwa amenoa panga, analiweka mlangoni, na ameapa kwa mama yake kwamba siku utakayokanyaga Ntobeye ndiyo siku yako. Wa pili anamfuata mkubwa. Mdogo sijui. Nimewasihi, lakini panga bado liko mlangoni. Mwenyekiti wa kijiji ameahidi kuwapo siku hiyo, lakini ni mwoga, atakimbia. Mimi nitasimama kati yenu na mtoto mgongoni, na sijui kama itatosha. Pia sijui moyo wangu utasema nini nikikuona. Huenda nami nitalitaka lile panga.

Hivyo ndivyo hali ya chini ilivyo. Nimekupimia siku ya mawimbi, si siku ya shwari. Nimekuandikia yote kabla hujaweka mguu, ndiyo kazi uliyopaswa kunifanyia mimi. Ukija, utakuja unajua. Usipokuja, sitakulaumu, ila hutakuwa na dada.

Mama anauliza kama umekonda. Sijui nimjibu nini.

Deodata


Nyakasenyi
30 Septemba 1979

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma mara nyingi, nimeielewa.

Vundika ndizi Jumapili ijayo. Zinahitaji siku sita kuiva, na siku ya sita nitakuwa nimefika. Nitapitia barabara kubwa mchana, bila kujificha. Mkono wangu wa kulia haushiki kitu, lakini miguu ni mizima. Nitakanyaga mpaka mwisho, hata kama itanibidi kukanyaga nikitoka damu.

Mwambie Mama kwamba nimekonda.

Kazimili